Sketi Iliyopauka Haijamkosea Mwalimu



Poleni kwa ukimya wa wiki mbili. Kazi za gazeti zilinibana, na mnajua mwandishi wa mkoani anavyotumwa: leo Sengerema, kesho Ukerewe, keshokutwa kikao cha madiwani kinachoanza saa nne badala ya saa mbili. Leo Jumapili nimepata nafasi, na nimekuja na hasira. Nimeona nisiende kulala nayo.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumatano iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, natoka chumbani kwangu hapa Mabatini kuwahi kazini, nikamkuta binti wa jirani yangu amekaa juu ya jiwe nje ya nyumba, begi la shule mapajani. Yuko darasa la sita. Nikadhani anaumwa.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Mbona hujaenda shule?"

"Nimeenda. Nimerudishwa."

"Umefanya nini?"

"Sketi."

Nikaitazama sketi. Ilikuwa safi. Imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, mistari inaonekana. Haikuwa na tundu wala kiraka. Kosa lake lilikuwa moja tu: ile bluu ya sare ilikuwa imekimbia. Mbele ilikuwa kama jivu, na pale anapokalia ilikuwa inaelekea kuwa nyeupe. Mwalimu alimtoa kwenye mstari mbele ya wenzake akamwambia asirudi bila sketi mpya. Siku hiyo darasani kwao kulikuwa na jaribio la hisabati.

Shule siitaji, na mwalimu simtaji, kwa sababu nia yangu si kumuumbua mtu. Lakini hoja nitaisema bila kuificha: kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu nguo yake imepauka ni uonevu, na ni uonevu wa kijinga, kwa sababu dawa yake haifiki hata bei ya soda nne.

Mama yake anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Anatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Jioni hiyo alipopewa habari hakusema neno kwanza. Alikaa kwenye kigoda akavua viatu. Kisha akasema, "Dukani walikonitajia sketi ni elfu ishirini na mbili. Na wana wangu wanaosoma ni watatu." Hapo hakulia wala hakulaani. Alikuwa anapiga hesabu tu.

Mimi nikamwambia, "Mama, usinunue. Tuitie rangi."

Akanitazama kama nimemwambia tukaibe.

KWANZA, NAMNA TULIVYOFANYA

Naeleza hatua kwa hatua, kwa sababu najua kuna mdau anasoma hapa na ana sketi, kaptula au suruali ya kazini imemgeuka. Asiyetaka mapishi aruke mpaka kwenye ugomvi.

Rangi za nguo za unga zinauzwa sokoni kwenye pakiti ndogo. Tulinunua mbili za bluu nyeusi, elfu tatu. Chumvi ya kupikia tulikuwa nayo. Mkaa alitoa mama.

Kabla ya yote nilitazama kitambaa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Rangi hizi za sokoni zinashika pamba. Zinashika vizuri pia katani na vitambaa vya aina hiyo vinavyotokana na mmea. Hazishiki poliesta. Sweta za shule ambazo si sufu halisi nazo zinakataa. Kitambaa kilichochanganywa, nusu pamba nusu poliesta, kitashika nusu, na utapata rangi dhaifu kuliko uliyoitaka. Namna ya kujua bila maabara: chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye pindo la ndani, uzichome kwa kiberiti ukiwa umezishika kwa kibanio. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sketi ya yule binti ilikuwa pamba tupu, ile ya zamani nzito, ilishonwa na fundi na ilianza kuvaliwa na dada yake. Kwa maneno mengine ilikuwa kitambaa bora kuliko nyingi zinazouzwa leo!

Tuliifua kwanza kwa sabuni mpaka mafuta yote yakatoka, kwa sababu penye mafuta rangi haiingii, utabaki na madoa. Hatukuianika. Nguo inaingia kwenye rangi ikiwa imelowa, ili rangi isiivamie sehemu moja. Unga tuliukoroga pembeni kwenye kikombe cha maji ya moto, tukauchuja kwa kitambaa, maana vidonge vya unga visivyoyeyuka ndivyo vinavyoacha vidoa kama tetekuwanga. Tukamimina kwenye sufuria kubwa, maji yawe mengi kiasi cha nguo kuogelea. Sufuria hiyo ilikuwa imetoboka mkono na imeshastaafu kupika. Nasisitiza imeshastaafu, kwa sababu chombo kilichopikia rangi hakirudi kwenye ugali. Na unapofungua pakiti funga kitambaa puani, ule unga si wa kuvuta.

Moto uwe wa wastani, maji yakaribie kuchemka. Dakika kumi na tano za kwanza nguo peke yake na rangi, unageuza kwa kijiti bila kuchoka. Kisha chumvi, vijiko vitano sita vya kulia, kidogo kidogo. Chumvi si uchawi. Inaisukuma rangi itoke kwenye maji ihamie kwenye uzi. Tukageuza karibu saa nzima. Mama alikuwa anageuza, mimi napepea jiko, binti anashika tochi kwa sababu umeme ulikatika, na wapangaji wote wamejaa kibarazani wanatoa maoni. Mmoja akauliza kama tunapika mwiko wa mganga.

Tulipoitoa ilikuwa imekolea kama usiku wa kisiwani.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu ukiwasema wengine jiseme na wewe. Maji yalikuwa ya mgawo, ndoo zimebaki mbili, na mimi nilikuwa na usingizi. Nikaisuuza mara mbili tu nikasema yatosha. Haikutosha! Alhamisi binti alikwenda shule, jasho likamtoka, akarudi na shati jeupe lenye mkanda wa bluu kiunoni. Mama yake aliliinua shati akanionyesha bila kusema kitu, na mimi nikachukua beseni bila kusema kitu. Shati lilitoka kwa kufua mara tatu. Sketi niliiloweka usiku mzima, nikaisuuza kwa maji baridi mara sita, mpaka maji yakabaki meupe. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Wale wanaosema ukitia ndimu au siki rangi itajifunga wasikudanganye. Siki ina kazi kwenye sufu na hariri, kwenye pamba haifungi kitu. Kinachosaidia ni kusuuza kwa subira, kuifua peke yake mara tatu nne za mwanzo, na kuianika kivulini ikiwa imegeuzwa nje ndani.

Lakini sikilizeni jambo la maana zaidi. Alhamisi asubuhi, kabla ya huo mkanda wa bluu, yule binti alisimama mstarini na sketi ile ile. Mwalimu yule yule akapita. Hakusema chochote. Kumbe hakuna aliyekuwa anahitaji sketi mpya. Walichokuwa wanahitaji ni bluu! Na bluu ilikuwa ya elfu tatu.

PILI, KUPAUKA SI UCHAFU

Hapa ndipo ninapotaka tugombane kidogo.

Nguo inapauka kwa sababu inafuliwa na kuanikwa. Jua linavunja rangi, sabuni kali inaibeba, na jiki inaimaliza. Sisi wa Mwanza tunaongezea jambo letu: tunaanika juu ya mawe. Mawe haya haya tunayojivunia, yakipata jua la saa saba, yanakuwa kikaango. Kwa hiyo sketi iliyopauka inakupa ushahidi kwamba kuna mtu nyumbani anaifua. Mtoto ambaye nguo yake inafuliwa kila jioni kwa sababu hana ya kubadili ndiye atakayepauka haraka kuliko mwenye sketi nne. Waswahili wana jina lake, kauka nikuvae. Basi mnamwadhibu mtoto kwa usafi wa mama yake?

Hebu tukumbushane sare ni ya nini. Tuliambiwa ni ili mtoto wa bosi na mtoto wa mvuvi wakae dawati moja asijulikane nani ni nani. Leo kitambaa kilichowekwa kuficha tofauti ndicho kinatumika kuitangaza, tena mstarini, mbele ya wote. Serikali ilianza kutekeleza elimumsingi bila malipo Januari 2016. Ada zikafutwa, jambo jema kabisa, na madarasa yakafurika. Lakini sare ilibaki juu ya mzazi. Maana yake mlango wa ada ulipofunguliwa, mlango wa sketi ulibaki na komeo, na funguo za komeo hilo anazo mwalimu wa zamu asubuhi.

Nasikia mtu ananiambia, "Wewe mwandishi, nidhamu je?" Sawa. Mimi pia napenda watoto nadhifu. Lakini nidhamu inafundishwa. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na somo la Stadi za Kazi, tukifundishwa kufua na kutunza nguo. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sijaona mfano mzuri wa kujitegemea kuliko mtoto anayejua kuirudishia sketi yake rangi. Shule ingeweza kuchukua Ijumaa moja kwa muhula, sufuria moja, jiko moja, na sketi za pamba zilizopauka zikatiwa rangi na wenyewe, mwalimu wa sayansi akiwaeleza kwa nini chumvi. Hilo ni somo. Kumrudisha mtoto nyumbani hakumfundishi chochote ila aibu.

TATU, NANI ALISEMA NGUO YA KUTIA RANGI NI AIBU?

Habari hii niliipeleka kazini. Nilitaka niiandike vizuri, niwahoji wazazi, maofisa elimu na vijana wanaotia rangi jinzi mitaani. Niliambiwa, "Hiyo si habari, hayo ni mambo ya uswahilini." Sawa, ndiyo maana nimeileta hapa. Mwenzangu mmoja akaishika kola ya shati langu jeusi akacheka, "Au na hili umelipika?" Nikamjibu ndiyo. Nililipika mwezi uliopita. Kimya kikapita.

Sasa sikilizeni kichekesho. Huyo aliyecheka alikuwa amevaa jinzi iliyopauka mapajani, nyeupe magotini, na imechanika kidogo. Alinunua hivyo hivyo, na kwa bei ambayo ingevisha darasa. Jinzi inapauka kwa sababu rangi yake ya nili inakaa juu juu ya uzi bila kuingia mpaka kwenye kiini, hivyo kila ikisuguliwa inabanduka. Viwanda vikaona hapo kuna biashara, vikaanza kuipausha makusudi kabla haijauzwa. Njia mojawapo ilikuwa kuipiga mchanga kwa mashine. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo walivuta vumbi lile wakapata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona, baadhi yao wakafa. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku kazi hiyo ya mchanga.

Yaani kuna watu wamekufa ili suruali ya tajiri ionekane imepauka, na huku kwetu mtoto anakosa jaribio la hisabati kwa sababu sketi yake imepauka kweli! Mpauko ukiununua ni fasheni, ukiupata kwa jua ni uchafu. Hivi tunajisikia tunavyosema?

Na hiyo dharau ya nguo ya kutia rangi imetoka wapi? Bibi zetu wa Usukuma walivaa kaniki, na kaniki ni nini kama si kitambaa cha pamba kilichozamishwa kwenye nili mpaka kikawa cheusi? Karne ya 19 kitambaa cheupe kilichoshuka Zanzibar kutoka Salem, Massachusetts, kilipanda na misafara mpaka huku bara, tukakiita merikani kwa jina la kwao. Akina mama wa pwani hadi leo wanachemsha ukindu kwenye sufuria ya rangi kabla ya kusuka mkeka, na mkeka ule tunamtandikia mgeni wa heshima. Akina mama wa batiki wanachovya vitambaa, tunawavalisha wageni wa serikali na kupiga nao picha. Rangi ile ile na ndoo ile ile. Batiki ikiitwa utamaduni tunapiga makofi. Sketi ikiitiwa rangi tunacheka.

NNE, TUNACHEKA TUKIWA TUMEKALIA PAMBA

Hili linanikera kuliko yote, na msomaji wa nje ya Kanda ya Ziwa anivumilie.

Mwanza ni mji wa pamba. Timu yetu inaitwa Pamba, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kuzurura chini miaka mingi. Hapo Ukiriguru, nje ya mji, watafiti wametoa mbegu ambazo mkulima anazijua kwa majina ya UK91 na UKM08, na hiyo UK ni Ukiriguru, wala msidhani ni Uingereza. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vya akina Paul Bomani vilizaliwa huku miaka ya 1950, vikawa miongoni mwa vikubwa barani. Miaka ya 1960 tukajenga kiwanda cha MWATEX, baadaye wenzetu wa Musoma wakapata MUTEX. Baba yangu anasema kanga na mashuka ya MWATEX yalikuwa yanarithiwa.

Baadaye mnajua. Mashine zikachakaa, umeme ukakatika, deni likapanda, milango ya biashara ikafunguliwa na marobota ya mitumba yakaingia. Pamba yetu sehemu kubwa inapanda meli ikiwa bado haijawa uzi, inaenda kuvaliwa huko, inapaukia huko, kisha inarudi hapa Mlango Mmoja kwenye robota. Tunainunua, tunaitia rangi, tunaivaa. Ndiyo safari ya pamba ya Msukuma! Inazunguka dunia ili irudi kwake ikiwa imechoka.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, tukatishiwa kunyimwa soko la AGOA. Kenya, Uganda na sisi tukarudi nyuma. Rwanda ikabaki na ushuru wake, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Sisemi nani alikuwa sahihi, hilo ni andiko la siku nyingine. Nasema hivi: nchi ambayo haikuweza kujiamulia ivae nini haina haki ya kumfukuza mtoto wa miaka kumi na mbili kwa sababu ya anachovaa.

Na kama shule zinataka sare zisizochakaa haraka, basi kamati za shule ziseme kitambaa kiwe pamba nzito, kishonwe na fundi wa mtaani, na kiruhusiwe kutiwa rangi tena. Sketi nyingi za siku hizi ni poliesta. Haipauki upesi, kweli. Lakini inamchemsha mtoto, inang'aa makalioni baada ya muhula mmoja, na ikiharibika hakuna sufuria itakayoiokoa.

TANO, NAWAPA HAKI WANAONIPINGA

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuikwepa, na nisipoisema mimi mtaisema ninyi kwenye maoni. Maji ya rangi yanakwenda wapi?

Usiku ule nilipomaliza kusuuza nilibeba beseni kuelekea kwenye mtaro. Mtaro wetu unaingia Mirongo, na Mirongo unapita katikati ya jiji mpaka ziwani. Maji tunayokunywa yanavutwa humo humo ziwani. Nikasimama na beseni mkononi kama mjinga. Mimi ambaye nimeandika habari za uchafu wa ziwa mara sijui ngapi! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye kuhatarisha ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na wote tunajua kinachofanyika ndani ya mita sita.

Nikaimwaga chooni. Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni. Pima rangi kulingana na nguo, usizidishe, ili nyingi iingie kwenye uzi na maji yabaki hafifu. Maji yaliyobaki yana nguvu ya kutia nguo ya pili rangi nyepesi, yatumie, tia hata kitambaa cha meza. Maji ya mwisho yasiende mtaroni, kisimani wala ufukweni. Na wale wanaotumia rangi zinazohitaji kostiki soda na haidrosalfaiti, kama wengi wa batiki, wasifanye bila glovu wala karibu na watoto. Kostiki inachoma ngozi na jicho, na ule unga mwingine ukipata unyevu unaweza kuwaka wenyewe.

Lakini hoja hii isigeuzwe kuwa rungu la kuwafukuza vijana wanaotia rangi jinzi mitaani. Beseni la kijana mmoja ni dogo, mabeseni mia ni tatizo, na tatizo hilo lina jibu: sehemu moja yenye karo na maji, ambapo watalipia kidogo na kazi yao itajulikana. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kama batiki inafundishwa, kurudishia rangi nguo kunashindikana nini? Hii ni kazi, jamani. Kijana anaichukua suruali iliyochoka, anaipa miaka miwili zaidi, na anapata ugali wake. Sisi tunamwita mchafuzi, kisha tunakwenda kununua suruali mpya iliyotiwa rangi kwenye mto wa mtu mwingine, mbali, ambako hatuoni.

NINACHOOMBA

Mwalimu wangu mpendwa, ukiona sketi imepauka, mwache mtoto aingie darasani kwanza, kisha mwite mzazi. Ukimwita, usimtajie duka. Mwambie kuna rangi.

Kamati za shule, andikeni kwenye sheria zenu kwamba sare safi iliyorudishiwa rangi ni sare halali. Ni sentensi moja tu.

Wazazi wenzangu wa kesho, maana mimi bado sijaoa, acheni kuona haya. Aliyepaswa kuona haya ni aliyemtoa mtoto mstarini.

Na wewe mwenzangu wa kazini mwenye jinzi ya magoti meupe, najua unasoma hapa kimya kimya. Siku ukichoka nayo niletee, sufuria ipo.

Mnaotaka kujua binti ameishia wapi: Ijumaa aliruhusiwa kufanya lile jaribio la hisabati peke yake ofisini, baada ya mama yake kwenda shule kabla ya Mwaloni, na ndoo ya dagaa kichwani. Matokeo bado. Sketi iko kwenye kamba hapa mbele yangu ninavyoandika, kivulini, imegeuzwa nje ndani. Uzi wa kushonea haukushika rangi, umebaki na weupe wake, kwa hiyo ukisogea karibu utajua.

Jana jioni mama huyo alinigongea mlango. Nikadhani ni habari ya shati. Alikuwa ameshika kaptula mbili za mtoto wa kiume, akasema, "Mwandishi, maji leo yapo. Na safari hii kusuuza nitasuuza mwenyewe."

Wikiendi njema, wadau. Tukutane tena Mungu akipenda.